Alfred Binet

Alfred Binet (Nice, 8 Julai 1857 – Paris, 18 Oktoba 1911) alikuwa mwanasaikolojia wa Ufaransa. Pamoja na daktari Théodore Simon alitunga mwaka 1905 kipimo cha kwanza cha akili kilichofaa kutumika shuleni. Vipimo vingi vya akili vilivyofuata katika karne ya 20 vilitokana na kipimo hicho au viliiga muundo wake.

Binet alitumia miaka yake ya mwisho kuwachunguza na kuwasaidia watoto walioonekana kushindwa darasani. Kabla ya hapo alikuwa amekosea hadharani, na kosa hilo lilimfundisha kwamba anachokitamani mtafiti kinaweza kupenya katika matokeo yake bila yeye kujua. Fundisho hilo, pamoja na imani yake kwamba mtoto aliye nyuma anaweza kusogea mbele, viliongoza namna alivyowatazama wanafunzi. Waliorithi kipimo chake hawakurithi imani hiyo, na matokeo ya jambo hilo yalikuwa mazito.

Utoto na masomo

Binet alizaliwa Nice wakati mji huo ulipokuwa bado chini ya Ufalme wa Sardinia. Ulijiunga na Ufaransa mwaka 1860. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mchoraji. Wazazi walitengana, na mtoto akalelewa na mama. Husimuliwa kwamba baba, akitaka kumwondolea mwanawe woga, alimpeleka kuona maiti na kumlazimisha aiguse, na kwamba jambo hilo lilimtia mtoto hofu ya muda mrefu badala ya kumpa ujasiri.

Akiwa kijana alihamia Paris na mama yake, akasoma katika shule maarufu ya Louis-le-Grand. Katika mtihani wa kumaliza shule, mtahini mmoja alikasirishwa na jibu lake akamtangazia kwamba hatakuwa kamwe na akili ya kifalsafa. Binet alilisimulia tukio hilo mwenyewe katika kitabu cha mwaka 1909, zaidi ya miaka 30 baadaye. Neno moja la mwalimu lilikuwa halijasahaulika, na alilitaja ili kuwaonya walimu wanaotoa hukumu za namna hiyo.

Alihitimu sheria mwaka 1878 lakini hakuifanya kuwa kazi yake. Alianza udaktari, akauacha. Familia ilikuwa na mali ya kutosha, hivyo aliweza kukaa katika Maktaba ya Taifa akijisomea saikolojia, elimu iliyokuwa bado changa. Hakuwa na mwalimu wa kumsahihisha, na upungufu huo ulionekana mapema: makala yake ya kwanza, ya mwaka 1880, ilikosolewa vikali na msomi wa Ubelgiji, Joseph Delboeuf.

Kosa la Salpêtrière

Tangu mwaka 1883 hivi Binet alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, chini ya Jean-Martin Charcot, daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa na sifa Ulaya nzima. Charcot alichunguza histeria kwa njia ya hipnosi, yaani kumtia mgonjwa katika usingizi ambamo hufuata maagizo ya anayemlaza.

Binet na mwenzake Charles Féré walitangaza kwamba wamegundua jambo la ajabu: ukisogeza sumaku karibu na mgonjwa aliyelazwa, kupooza kwa mkono wa kulia huhamia mkono wa kushoto, na hata hisia hugeuka kuwa kinyume chake. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache, wakijua vizuri desturi za hospitali ile, na watafiti waliongea mbele yao kuhusu matokeo waliyoyatarajia. Delboeuf alifika Salpêtrière kutazama, akaona kasoro hiyo mara moja. Madaktari wa mji wa Nancy, wakiongozwa na Hippolyte Bernheim, walionyesha kwamba sumaku haikuwa na kazi yoyote: mgonjwa alifanya kile alichohisi daktari anakitaka.

Binet alijitetea kwa ukali kwa miaka kadhaa. Mwishowe alikubali kwamba wapinzani wake walikuwa sahihi, akaondoka Salpêtrière mwaka 1890. Ilikuwa fedheha kubwa kwa mtu wa miaka 33. Tangu hapo suala la kushawishika, yaani jinsi mtu mmoja anavyoweza kumpandikizia mwingine jibu, halikumtoka akilini.

Mabinti wawili

Mwaka 1884 Binet alikuwa amemwoa Laure Balbiani, binti wa profesa wa elimu ya viinitete, wakazaa mabinti wawili, Madeleine (1885) na Alice (1887). Baada ya kuondoka hospitalini hakuwa na ajira wala maabara. Akaanza kuwachunguza watoto wake nyumbani: jinsi walivyotembea, walivyohesabu vitu kwa macho, walivyoeleza maana ya maneno ya kawaida.

Watoto hao walilelewa na wazazi walewale, katika nyumba ileile. Hata hivyo Madeleine alikuwa mtulivu, akikazia macho jambo moja hadi alimalize, na Alice alikuwa mwepesi wa kuwaza mambo ya kubuni na mwepesi pia wa kuhama kutoka jambo hili kwenda lile. Binet hakuona sababu ya kusema mmoja ana akili kuliko mwingine. Aliona akili za namna mbili. Kitabu alichokitoa mwaka 1903 kuhusu uchunguzi wa akili kwa majaribio kiliwatumia mabinti hao kwa majina ya kubuni, Marguerite na Armande, na bado kinahesabiwa na wengi kuwa kazi yake bora. Ni vigumu kwa baba wa watoto kama hao kuamini kwamba akili nzima ya mtu inaweza kuandikwa kwa tarakimu moja, na Binet hakuamini hivyo hadi alipokufa.

Mwaka 1891 alikutana na Henri Beaunis, mkuu wa maabara ya saikolojia ya Sorbonne, akajitolea kufanya kazi kwake bila mshahara. Alipokea uongozi wa maabara hiyo mwaka 1894, na wakati huohuo wawili hao walianzisha jarida la L'Année psychologique, yaani Mwaka wa Saikolojia, ambalo linaendelea kutolewa hadi leo. Mwaka huohuo alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya mishipa ya fahamu ya wadudu. Aliomba uprofesa mjini Paris zaidi ya mara moja, akakosa.

Kupima vichwa

Wakati huo wanasayansi wengi wa Ufaransa, wakimfuata daktari Paul Broca, waliamini kwamba kichwa kikubwa ni dalili ya akili nyingi. Binet naye alianza akiwa na imani hiyo. Kati ya miaka 1898 na 1901 alikwenda shuleni, akawaomba walimu wamwonyeshe wanafunzi wenye akili nyingi zaidi na wale wenye akili chache zaidi, kisha akapima vichwa vyao kwa vyombo.

Tofauti alizopata zilikuwa ndogo mno, kiasi cha milimita moja hivi, na mara nyingine hazikuwapo kabisa. Mtafiti mwingine angetafuta namna ya kuzikuza. Binet, aliyekuwa ameumwa na nyoka mara moja, alijiuliza swali lingine: je, mkono wangu unapima kichwa, au unapima ninachokitegemea? Kwa kuwa alijua tayari ni mtoto yupi aliyesifiwa na yupi aliyedharauliwa, aliona kwamba bila kukusudia angeweza kubana chombo kidogo kwa huyu na kukilegeza kwa yule. Aliwapima tena baadhi ya watoto, na akamwomba Simon awapime watoto haohao, akaona kwamba vipimo havikulingana. Aliyaandika hayo yote katika jarida lake, pamoja na shaka aliyokuwa nayo juu ya nafsi yake, kisha upimaji wa vichwa akauacha kama njia kuu ya kutambua akili.

Mwaka 1900 alitoa kitabu juu ya kushawishika kwa watoto. Aliwaonyesha wanafunzi mistari inayorefuka kidogo kidogo. Ghafla mistari ilipoacha kurefuka, wengi waliendelea kusema inarefuka. Katika jaribio lingine aliwaonyesha vitu vilivyobandikwa kwenye ubao, kikiwemo kifungo cha nguo, kisha akawauliza maswali. Alipowaacha waeleze wenyewe walichokiona, makosa yalikuwa machache. Alipowauliza kwa namna iliyodokeza jibu, watoto walieleza hata mambo ambayo hayakuwapo. Kwa hiyo jibu la mwanafunzi mbele ya mtu mzima mwenye cheo linaweza kuwa heshima tu, au hofu. (Yeyote aliyewahi kuuliza darasa kama limeelewa, akajibiwa ndiyo kwa sauti moja, atatambua jambo hilo bila kusoma kitabu.)

Tume ya mwaka 1904

Sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima Ufaransa. Watoto ambao zamani wangebaki shambani au kiwandani sasa walijaa madarasani, na baadhi yao hawakuweza kwenda sambamba na wenzao. Chama cha kuchunguza saikolojia ya mtoto, kilichoanzishwa mwaka 1899 na kuwaunganisha walimu na wataalamu, kilidai serikali ifanye jambo. Binet alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1904 waziri wa elimu aliunda tume, ikiongozwa na mwanasiasa Léon Bourgeois, na Binet akawa mjumbe.

Wajumbe walikubaliana kwamba watoto wanaohitaji msaada wapewe madarasa maalumu. Ila nani atawachagua? Binet alipitia hati za madaktari akaona kwamba mtoto mmoja angeweza kupewa jina tofauti la upungufu kila alipohamishiwa kwa daktari mwingine, siku chache baadaye, ingawa hakuna lililobadilika. Walimu nao walikuwa na sababu zao. Mmoja angetaka kumwondoa mtoto msumbufu, mwingine angemficha mtoto dhaifu ili darasa lisipate sifa mbaya. Wazazi walisema kilichowafaa. Kila mtu alimtazama mtoto kupitia haja yake mwenyewe.

Binet aliona hatari kubwa hapo. Kumpeleka mtoto katika darasa maalumu kimakosa kungekuwa kama kumpiga chapa atakayokwenda nayo maisha yake yote. Alitaka njia ambayo watu wawili tofauti, wakimwona mtoto yuleyule, wangefika mahali pamoja au karibu.

Kipimo na marekebisho yake

Théodore Simon alikuwa daktari kijana aliyefanya kazi katika kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili huko Perray-Vaucluse, karibu na Paris. Pamoja walitoa mwaka 1905 mfululizo wa kazi 30, kuanzia nyepesi hadi ngumu. Kazi ya kwanza ilikuwa kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka. Zilifuata kazi kama kuonyesha viungo vya mwili, kurudia tarakimu, kukumbuka picha, kueleza tofauti ya karatasi na kadibodi, na mwishoni kutofautisha maana za maneno kama huzuni na uchovu wa moyo.

Mwaka 1908 kazi zilipangwa kwa umri, kutoka miaka 3 hadi 13. Mtoto wa miaka 3 wa kawaida angeweza kuonyesha pua, macho na mdomo. Wa miaka 5 angenakili mraba. Wa miaka 6 angetofautisha asubuhi na jioni. Hivyo lilizaliwa wazo la umri wa akili, ingawa Binet mwenyewe alipendelea kusema kiwango cha akili, neno lisilodokeza kwamba jambo hilo huota lenyewe kama meno. Marekebisho ya mwisho yalitoka mwaka 1911.

Maelekezo kwa mpimaji yaliandikwa kwa uangalifu wa mtu aliyejua jinsi watoto wanavyoyumba. Mtoto apimwe peke yake, mahali patulivu. Apokewe kwa upole, atiwe moyo kwa kila anachofanya, lakini asidokezewe jibu. Mpimaji asiwe amejulishwa sifa za mtoto kiasi cha kumhukumu kabla hajafungua mdomo. Pia kipimo kisiwe peke yake: mahudhurio shuleni, afya na hali ya nyumbani viangaliwe. Wachunguzi walianza kumshuku mtoto pale tu alipokuwa nyuma kimasomo miaka 2 akiwa chini ya miaka 9, au miaka 3 akiwa amezidi umri huo, na hata hapo sharti ionekane kwamba hakukosa shule kwa sababu ya ugonjwa au shida nyingine.

Kipimo hakikuwa huru kutoka katika maadili ya waliokitunga. Mojawapo ya kazi za mtoto wa miaka 6 ilikuwa kutazama michoro ya nyuso mbili na kusema ipi ni nzuri. Jibu sahihi lilitegemea uzuri kama watu wa Paris walivyouona. Maswali mengi yalidai ufasaha wa lugha, ambao mtoto wa nyumba yenye vitabu huupata mezani wakati wa chakula. Ushahidi ulikuja haraka: mjini Brussels, Ovide Decroly na Julia Degand walikijaribu kipimo kwa watoto wa shule ya familia zenye uwezo, wakawakuta wametangulia wenzao wa Paris kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu. Binet alikuwa amewapima hasa watoto wa mitaa ya wafanyakazi. Hakuyakataa matokeo hayo. Alikubali kwamba hali ya kijamii ya mtoto imo ndani ya alama zake, akaendelea kurekebisha. Maelezo hayo hayatoshi kuondoa kasoro, lakini ni watungaji wachache wa vipimo waliokubali jambo hilo mapema hivyo.

Shule ya Grange-aux-Belles

Mwaka 1905 Binet alifungua maabara ndani ya shule ya msingi katika mtaa wa Grange-aux-Belles, sehemu ya wafanyakazi mjini Paris, akishirikiana na mwalimu mkuu Victor Vaney. Vaney alitunga vipimo vya kusoma na kuhesabu ambavyo mwalimu wa kawaida angeweza kuvitumia.

Jambo la kwanza walilolihimiza lilikuwa macho. Mtoto asiyeona ubaoni huandika makosa, huchoka, hucheza, huadhibiwa, na mwisho huitwa mjinga. Binet na wenzake walitengeneza njia rahisi ya mwalimu kupima macho ya darasa lake mwenyewe, bila kungoja daktari. Masikio na lishe vilifuata. Haya hayakuwa mambo ya kusifiwa katika vyuo vikuu, wala hayakumletea uprofesa.

Katika madarasa maalumu aliweka mazoezi aliyoyalinganisha na tiba ya viungo: kama mguu uliopinda unavyonyooshwa taratibu, ndivyo umakini, kumbukumbu na utashi vinavyoweza kunyooshwa. Kulikuwa na mchezo wa sanamu, ambapo watoto hutulia mahali walipo bila kutikisika hadi ishara itolewe. Watoto ambao hawakuweza kukaa kimya walijifunza kwa mchezo huo kujitawala. Zoezi lingine lilikuwa kuonyeshwa ubao wenye vitu kadhaa kwa sekunde chache, kisha kuandika majina ya vilivyoonekana. Wabunge waliotembelea darasa walitaka kujaribu, na watoto wale wa darasa la walioshindwa wakawapita. Binet alieleza kwa haki kwamba watoto walikuwa na mazoezi na wabunge hawakuwa nayo. Lakini hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu fikra mpya juu ya watoto alipinga waziwazi walimu na wasomi waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Aliona kwamba mwalimu mwenye imani hiyo hamwangalii tena mwanafunzi aliye nyuma, hamuulizi swali, hamsubiri, na hivyo mwanafunzi huyo hubaki nyuma kweli. Mwaka huohuo, tarehe 15 Aprili, Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kuanzisha madarasa maalumu katika shule za umma.

Miaka ya mwisho

Binet alikuwa mtu wa haya, asiyependa mikutano, mchapakazi kupita kiasi. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba aliandika pia michezo ya kuigiza ya kutisha, akishirikiana na André de Lorde, kwa ajili ya majumba ya maonyesho ya Paris. Wahusika wake walikuwa wagonjwa wa akili na madaktari.

Alifariki Paris tarehe 18 Oktoba 1911 akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse.

Kipimo mikononi mwa wengine

Mwaka 1912 William Stern wa Ujerumani alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri halisi. Hapo ndipo ilipotoka tarakimu moja inayoitwa mgawo wa akili. Binet alikuwa amekufa. Simon, aliyeishi hadi mwaka 1961, hakuifurahia kamwe.

Henry Goddard, mkurugenzi wa utafiti katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili ya Vineland, New Jersey, alikipeleka kipimo Marekani mwaka 1908. Goddard aliamini kwamba akili ni kitu kimoja, kinachorithiwa, na kwamba wenye akili chache ni hatari kwa taifa. Karatasi zilikuwa zilezile za Paris. Mtazamaji alikuwa mwingine. Wasaidizi wake waliwapima wahamiaji waliokuwa wameshuka meli bandarini Ellis Island, wakiwa wamechoka, wakiulizwa kupitia wakalimani, na matokeo yakadai kwamba wengi wao wana upungufu wa akili. Mwaka 1928 Goddard alikiri kwamba alikuwa ameshikilia baadhi ya hoja zake kupita kiasi.

Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa mwaka 1916 toleo lililoenea zaidi, linaloitwa Stanford-Binet. Naye aliamini urithi. Alichovutiwa nacho ni watoto wenye alama za juu kabisa, na tangu mwaka 1921 alifuatilia maisha ya zaidi ya 1,500 kati yao, akiwaandikia barua za kuwapendekeza vyuoni na kuwatetea. Upande wa pili wa kipimo hichohicho alikuwapo Carrie Buck, msichana maskini wa Virginia, aliyetangazwa kwa toleo la Stanford kuwa na umri wa akili wa miaka 9. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu afungwe kizazi bila hiari yake. Waliomfahamu baadaye maishani walimwona mwanamke wa kawaida, aliyependa kusoma magazeti.

Nchini Uingereza Cyril Burt, aliyekuwa mwanasaikolojia wa halmashauri ya London tangu mwaka 1913, alitetea urithi wa akili maisha yake yote. Baada ya kifo chake mwaka 1971, baadhi ya takwimu zake kuhusu mapacha zilionekana kulingana kupita inavyowezekana, na wengi hawaziamini tena.

Mawazo haya yalifika Afrika Mashariki pia. Katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na mwenzake F. W. Vint walidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni duni, wakitumia vipimo vya fuvu na ubongo. Ilikuwa njia ileile ambayo Binet alikuwa ameiacha miaka 30 kabla, na hoja yao ililetwa katika mijadala juu ya elimu gani Waafrika wanastahili kupewa. Serikali ya Uingereza haikukubali kugharimia utafiti mkubwa waliouomba. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alikuwa amechapisha Nairobi jaribio la akili kwa wanafunzi wa Kiafrika, mojawapo ya majaribio ya awali ya aina hiyo katika eneo hili.

Shule ya Grange-aux-Belles ilizaa jambo lingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Simon alimwajiri kijana wa Uswisi, Jean Piaget, awapime watoto hapo kwa maswali ya Burt. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Piaget alivutiwa zaidi na majibu yaliyokosewa, kwa kuwa watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna inayofanana, akaanza kuwauliza walifikaje hapo. Kutoka katika maswali hayo ilianza kazi yake ya miaka 60 juu ya ukuaji wa fikra za mtoto.

Chama cha kuchunguza saikolojia ya mtoto kilipewa jina la Alfred Binet mwaka 1917; baadaye jina la Simon liliongezwa.